Masikio Mchangani

Yai la mjusi si kama la kuku. La kuku hugeuzwa ili lipate joto pande zote, bali la mjusi ukiligeuza, mtoto hufia humo ndani. Kwa hiyo Talaso Galgalo alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, akifukua mchanga kwa brashi ya rangi, na kila yai alilolifikia alilitia nukta ya penseli upande wa juu kabla ya kulinyanyua. Wifi yake, Dhaki, aliingia katika nyumba ya mijusi bila kubisha, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Wamemchukua kaka yako," alisema.

Talaso aliliweka yai mahali pake kwanza, nukta juu, ndipo akageuka. "Nani?"

"Walinzi wa Mamlaka. Walikuwa wamekaa kisimani wanamngoja. Wifi, walikuwa na birika. Tumewakuta wanakunywa chai."

Habari ya birika ilimchoma Talaso kuliko habari ya kukamatwa. Mtu anayevizia kwa kubahatisha hawashi moto wa chai. Anayewasha anajua mgeni wake yuko njiani.

Nusu ya jangwa la Chalbi ilikuwa imefungwa tangu Talaso akiwa msichana, ikaitwa Ukanda. Mamlaka ya Ukanda ilikuwa imeitandika mabamba ya kuvuna jua mpaka upeo wa macho, na visima vya zamani vikabaki humo ndani. Wafugaji waligoma, watu wakafa, na mwisho pande zote mbili zikaketi zikaapa Mapatano ya Visima. Wafugaji wasingeingiza ngamia Ukandani wakati wa kiangazi. Mamlaka nayo isingeweka angani wala ardhini jicho la mashine wala sikio la mashine la kuwapeleleza. Mlinzi angemkamata yule tu aliyemwona kwa macho yake mwenyewe. Jangwa ni kubwa, walinzi ni wachache. Kila kiangazi ngamia waliingia kwa kuibia, wakanywa, wakatoka, na mambo yakaenda hivyo miaka mingi.

Sasa Elema alikuwa wa tatu kukamatwa tangu mvua zikatae kunyesha.

"Watu wanasema kuna anayepeleka habari," Dhaki alisema. Alikuwa bado amesimama, hataki kiti. "Mzee Boru hali tena na wapwa zake. Jana wamepigana kwa fimbo watoto wa baba mmoja. Mimi sijasema ni wewe, wifi. Lakini wewe ndiye unayekaa huku kituoni, mbali na sisi."

"Elema alipita njia gani?"

"Ile ya majabali meusi. Ndiyo uliyotuambia ina mijusi wengi kuliko zote."

*

Jioni Talaso aliendesha gari la kituo mpaka kwenye majabali meusi, akalizima mbali, akaenda kwa miguu. Nyayo za ngamia zilikuwa bado mbichi mchangani. Aliketi kando yake akangoja jua lishuke.

Mijusi wa hapa hawaishi kwenye kuta za nyumba kama mjusi kafiri wa mjini. Huyu huchimba. Ana vidole vyenye pindo za nywele kama ukili, na hutoboa tundu refu linaloteremka mpaka mchanga wenye unyevu, kisha mchana kutwa huliziba mlango na kulala. Jua likizama dume hutoa kichwa nje na kuita jike kwa sauti ya mtu anayegota mlango: ko, ko, ko, ko, zote sawa, hazikawii wala haziharakishi. Majike hawana sauti.

Wakati fulani mlio huo ulikuwa umekwisha kabisa Chalbi. Sababu ilikuwa joto. Kwa mijusi hawa, yai halijui litakuwa dume au jike mpaka mchanga uliamulie. Mchanga wa baridi kidogo huzaa majike, wa vuguvugu huzaa madume, na wa moto sana huzaa majike tena. Dunia ilivyozidi kuchemka, mchanga wa Chalbi ulizidi ule uvuguvugu, na kila yai lililotagwa porini likatoa jike. Majike walijaa, wakazeeka bila mume, wakapukutika. Profesa Saru Mwandawiro aliwakuta wamebaki wachache, madume wawili watatu kati yao, akawachukua wote, akajenga kituo. Kazi yote ya kituo, ukiondoa maneno marefu ya ripoti, ilikuwa kuyapa mayai joto la vuguvugu ili jangwa lipate madume.

Na Talaso ndiye aliyewarudisha. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa ukoo wake akawaeleza kwamba mijusi hawa ni wa Chalbi kama wao, kwamba walifukuzwa kwao kama wao. Aliwaeleza pia habari za milingoti ya sensa, ile miti myembamba yenye vinasa sauti, kwamba inasikia mgoto wa dume tu, hata mtu akipiga kelele chini yake haisikii neno. Ilikuwa kweli. Wazee wakakubali. Siku ya kuwaachia, akina mama walibeba masanduku kwa mikono yao, na Elema mwenyewe akanyunyiza maziwa juu ya kila tundu ili viumbe vile vikae kwa amani.

Jua lilizama. Dume la kwanza likaita.

Ko, ko, ko. Kisha mkwaruzo mrefu. Ko, ko, ko. Mkwaruzo.

Talaso aliujua mwendo ule. Ngamia aliyeongoza kundi la Elema alivunjika mguu wa mbele akiwa ndama. Alitembea hatua tatu nzima na ya nne akaikokota, na Talaso alikuwa amelala na kuamka na mwendo huo utoto wake wote. Dume la pili likaita, mbele kidogo: tatu na mkwaruzo, na nyuma yake mgoto mwepesi mwepesi wa ngamia wengine wakifuata. Kisha la tatu, mbele zaidi. Kundi zima la kaka yake lilikuwa linapita tena gizani, kutoka tundu hadi tundu, kuelekea kisimani, na juu ya jabali mlingoti wa sensa ulikuwa unasikiliza.

Mlingoti ule aliufunga yeye.

*

Profesa Saru alikuwa jikoni kituoni, amevaa kanga juu ya gauni, anachambua pojo kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa Taita mwenye mvi nyingi na mikono mikubwa. Ndiye aliyemtoa Talaso chuoni akamweka nyumbani kwake, na mama yake Talaso alipofariki ndiye aliyekaa naye matanga mpaka mwisho, akila chakula asichokijua na kulala chini.

"Shikamoo," Talaso alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umepauka. Umekula?"

"Nimemsikia ngamia wa Elema. Yule kiguru. Nimemsikia kwenye midomo ya mijusi."

Vidole vya Saru vilisimama juu ya pojo, kisha vikaendelea, polepole. "Nilidhani itakuchukua muda mrefu zaidi," alisema.

Talaso alikuwa amejiandaa kwa kukanushwa. Njiani kote alikuwa ametunga hoja zake, na sasa hazikuwa na kazi. Alivuta kiti akaketi.

"Mwaka juzi nilikuambia," alisema. "Nilikwambia madume wa masanduku ya mlangoni wanalia kama toroli langu linavyopita. Ukacheka. Ukasema ninawapenda mno mpaka nasikia wakisema."

"Nilicheka kwa kuwa niliogopa."

"Umewafanya nini?"

Saru alimweleza, kwa sauti ileile aliyofundishia miaka yote. Ndani ya sikio la mjusi mna kijiwe cha chokaa, kidogo kuliko chembe ya sukari, nacho ndicho kinachomwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Alikuwa ametia jeni moja ngeni katika mayai ya mwanzo kabisa, kijiwe kikakua kwa matabaka, na kila mtikisiko wa ardhi ukaacha alama yake humo. Jeni nyingine ilikifunga kijiwe na misuli ya koo. Dume anapoita jioni, huzitoa siku zake mbili tatu za nyuma: nani amepita, wangapi, kuelekea wapi. Hajui kama anasema. Anadhani anaita mke. Na kwa kuwa Mapatano yalikataza mashine, hakuna aliyevunja kiapo, maana mjusi si mashine.

"Wako ambao hukuwagusa?"

"Hakuna. Wote ni wa ukoo huo sasa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niligonga kila mlango, Talaso. Nani anamlilia mjusi? Wote walinisikiliza kwa adabu wakanipa chai nikaondoka. Mamlaka peke yao ndio walioniuliza swali. Waliniuliza, anasikia nini huko chini? Nikajua hapo hapo wanataka nini. Niliwapa masikio yake ili abaki na uhai wake, na sikuoni mwovu ukisema ungefanya vingine. Mimi ningefanya vilevile tena."

"Masikio yake uliyatoa wewe," Talaso alisema. "Na mdomo wangu? Ni nani aliyewaambia wazee wakubali? Ni nani aliyewapa akina mama masanduku wabebe?" Akasogeza kiti karibu. "Uliponichukua chuoni, ulinichukua kwa ajili ya kichwa changu au kwa ajili ya ukoo wangu?"

Saru aliokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitazama, akaliweka pembeni.

"Vyote viwili," alisema.

Talaso angeweza kuvumilia uongo wakati ule. Alitazama mikono ile mikubwa, mikono iliyomsuka nywele siku ya mazishi ya mama yake, akatafuta pale palipotengana yule mama na yule mwindaji, na hakupaona. Alikuwa mtu mmoja. Alikuwa amempenda kweli, na amemtumia kweli.

"Elema anaweza kutoka," Saru alisema baadaye. "Nimewaomba Mamlaka mimi mwenyewe, na si rahisi kunikatalia. Wanataka madume wa kupeleka upande wa kusini, kundi kubwa. Wakiona mayai yamo kwenye mashine, watamwachia yeye na ngamia wake. Huniamini tena, najua. Lakini hakuna mwingine awezaye kuyatotoa mayai haya. Mimi mwenyewe yananifia."

"Na nikikataa?"

"Atafungwa. Na mijusi watakwisha. Madume wa porini wanazeeka, unajua hawafikishi masika ya nne."

Talaso alisimama. "Nitayatotoa," alisema.

*

Watu wa Mamlaka walikuja wakayaona mayai yamepangwa kwenye kiangulio, meupe, nukta zote juu, na sahani ya kipimajoto inaonyesha vuguvugu. Walipiga picha. Elema aliachiwa na ngamia wake wote, na Profesa Saru akaondoka na watu wa Mamlaka kwenda kushughulikia mambo ya upande wa kusini.

Alipoondoka, Talaso aliyahamisha mayai. Hakugusa kipimajoto. Aliyachukua moja moja, bila kuligeuza hata moja, akayazika katika mchanga wa unyevu sakafuni, kwenye ukuta wa kaskazini ambako jua halifiki, mahali penye baridi ya kuzaa majike. Kiangulio akakiacha kikinguruma kitupu chini ya kitambaa.

Alikuwa amefikiri sana kabla ya kufanya hivyo. Asubuhi alikuwa akiamka na uhakika, na adhuhuri uhakika umeyeyuka. Kila dume lilikuwa uhai wa mijusi na lilikuwa kifungo cha mfugaji; hakukuwa na namna ya kushika kimoja na kuacha kingine. Mjusi hakuwa amefanya kosa lolote. Alichimba tundu lake, akaita mkewe. Mara nyingine Talaso alijiambia kwamba watu wana njia elfu za kuhangaika na kiumbe huyu ana moja tu. Kisha akakumbuka watoto wa baba mmoja wakipigana fimbo, kila mmoja akidhani mwenziwe amemuuza.

Palibaki madume wawili wa mbegu hapo kituoni. Mmoja alikuwa mzee mwenye mkia uliokatika na kuota tena, ambaye Talaso alimlisha panzi kwa mkono tangu alipoanguliwa na mguu uliopinda. Aliwatia wote wawili katika kisanduku chenye mchanga, akakifungia kwenye jokofu, ambamo mjusi husinzia kwanza kisha moyo ukasimama bila maumivu. Hivyo ndivyo vitabu vilivyosema. Alikaa sakafuni ameegemea mlango wa jokofu. Yule mzee aligota mara moja humo ndani, mgoto mmoja tu. Talaso aliziba masikio, kisha akaona haya, akayazibua, akasikiliza mpaka hapakuwa na cha kusikiliza.

Siku ya pili alikwenda nyumbani kwa ukoo akawaeleza wazee kila kitu. Hakupunguza. Alisema, "Hakuna msaliti miongoni mwenu. Sikio lilikuwa chini ya miguu yenu, na aliyewaletea ni mimi." Elema alikuwa ameketi pamoja na wanaume, amekonda, hamtazami.

"Hao mijusi," mzee Boru aliuliza, "ndio tuliowabariki kwa maziwa?"

"Ndio, baba."

Mzee Boru alichukua bakora yake, akainuka, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa utulivu, kama watu wanaotoka msibani. Kuanzia siku ile waliyahama mapito yote yenye mijusi, na wapwa zake mzee Boru wakarudi kula naye. Kwa Talaso hakuja mtu.

*

Profesa Saru alirudi wakati ambapo madume wadogo huanza kujaribu sauti. Alikuta masanduku yamejaa watoto wa mjusi wenye afya, wanene, macho maangavu. Alisifu. Aliosha mikono, akavuta kiti katikati ya nyumba ya mijusi kama alivyozoea, akangoja jua lizame.

Lilizama. Mijusi walitoka matunduni mwao, wakalamba macho yao, wakasimama midomoni mwa matundu wakiutazama mwanga wa taa. Nyumba nzima ilikuwa kimya.

Saru aliinuka. Kisha akaenda kwenye sanduku la madume wa mbegu, akaingiza mkono, akaupapasa mchanga mpaka chini.

"Wote majike?" aliuliza.

"Wote."

"Na wale wawili?"

"Nimewazika nyuma."

Saru alikaa tena. Uso wake ulikuwa umelegea, ghafla wa bikizee. "Maisha yangu yote," alisema. "Nilikuachia funguo zote, Talaso. Sikukagua mashine hata siku moja. Sikuwahi kufikiri kukukagua."

"Najua."

"Nitawatafuta wa porini. Watakuwapo madume bado."

"Nenda," Talaso alisema. "Waombe wafugaji wakuonyeshe matundu."

Saru alimtazama, na Talaso akayaona machoni mwake maumivu yaleyale aliyoyabeba yeye kutoka majabali meusi. Alikuwa amedhani kuyaona kungempa nafuu. Hakukumpa chochote. Alimsaidia kuinuka kwenye kiti, kwa kuwa magoti ya Profesa yalikuwa mabovu na hapakuwa na mwingine wa kumsaidia, na asubuhi akampakilia mizigo yake garini.

Talaso alibaki na majike wake. Hakuna aliyemfukuza, kituo hakikuwa tena na faida kwa mtu. Masika mawili yalipita, na jioni alipokwenda kwenye majabali meusi alisikia dume moja mbali, halafu jioni nyingine hakusikia.

Mvua ziliponyesha vizuri, Elema alipitisha ngamia wake karibu na kituo akielekea malisho. Talaso aliwaona kwa mbali akatoka akasimama kando ya njia. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya wazee. Elema alisimamisha kundi, akachomeka fimbo ardhini, akaanza kusalimu.

"Amani?"

"Amani."

"Watu wa kwenu ni wazima?"

"Ni wazima."

"Mifugo yenu? Mvua imefika kwenu?"

"Imefika."

Ilikuwa salamu kamili, yenye heshima zote, ile wanayopewa watu wasiojulikana wanapokutana jangwani. Talaso aliijibu hatua kwa hatua, akijua inakokwenda, na Elema hakuiruka hata hatua moja.

"Na wewe," akauliza, "ni wa nyumba ya nani?"

Angeweza kumwita kwa jina lake. Angeweza kulia. Alisema, "Mimi ni Talaso binti Galgalo, mwana wa Wario, mwana wa Huqa," akaendelea kuwataja wazee wao mpaka alipofika mwisho wa wale anaowajua, na Elema akasikiliza mpaka mwisho bila kumharakisha.

Kisha Elema akafungua gorfa, chombo cha maziwa kilichoning'inia ubavuni mwa ngamia. Walipokuwa wadogo walipokezana gorfa mdomo kwa mdomo, yeye akinywa na dada yake akinywa. Sasa aliyamimina maziwa kwenye kifuniko, akampa kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

Talaso alikunywa yote. Akapangusa kifuniko, akakirudisha kwa mikono miwili, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, na akasogea kando ili ngamia wapite.